UZI: Leo ni sikukuu ya taifa la England, ila ukitaka kuiona nenda supamaketi

#1 – Kibarua_wa_Leicester (mleta uzi)

Wakuu habari za mihangaiko.

Leo tarehe 23 Aprili ni siku ya Mtakatifu George, ndo sikukuu ya taifa ya England. Nasema England, sio ufalme mzima, maana Scotland wana Andrew wao, Wales wana David, na Ireland kule wana Patrick ambaye dunia nzima inamjua. Sasa ukitoka nje hapa Leicester muda huu utaona watu wanaenda vibaruani kama kawaida, shule zipo wazi, benki zipo wazi, mabasi yanapita, hamna gwaride la jeshi uwanjani wala hotuba ya kitaifa. Sehemu mbili tu ndo zinakukumbusha kuna jambo, supamaketi na baa.

Mimi napiga shifti ya usiku kwenye supamaketi moja (sitaitaja, mkate wangu uko pale) na kazi yangu kubwa ni kujaza shelfu. Kuna upande mmoja unaitwa wa msimu, yaani hauna bidhaa ya kudumu. Februari ni mioyo mekundu ya wapendanao, Machi kadi na maua ya siku ya mama, halafu mayai ya chokoleti ya Pasaka, na Pasaka ikipita tu usiku uleule tunashusha mayai tunapandisha George. Na George mwenyewe ni hivi: vibendera vya kuchomeka kwenye dirisha la gari, kofia za plastiki, sahani za karatasi zenye msalaba mwekundu (ndo bendera ya England, msalaba wa George juu ya nyeupe), kamba ya bendera ndogondogo za kuzungushia bustani, upanga na ngao za watoto. Pindua chochote kati ya hivyo usome maandishi madogo kwa chini, China. Sijawahi kuona hata kimoja kilichotengenezwa England, labda sijaangalia vizuri.

Kawaida tarehe 24 asubuhi vilivyobaki vinabandikwa stika ya njano, nusu bei. Mwaka huu tumeambiwa hakuna stika, kila kitu kinasogezwa upande wa pili kwa sababu kombe la dunia linaanza Juni na England wamo. Yaani mtakatifu anahamishwa kikosi hajamaliza hata siku yake.

Sasa mada yangu ni hii. Kila mwaka magazeti ya huku yanalia kwamba wafanyabiashara wameiharibu siku ya taifa, wameigeuza kuwa soko la bia na kofia za plastiki. Mimi naona ni kinyume. Siku ilishakufa zamani, serikali haikuitaka, kanisa liliiacha, shule hazikuifundisha, mfanyabiashara ndo akaiokota. Na kwa vile hakuna mwingine aliyeweka kitu ndani yake, amebaki yeye na wanasiasa wa kupiga kelele wanagombania ganda.

Tujadili, bila matusi tafadhali.

#2 – mtoto_wa_kariakoo

Siti ya mbele kabisa na karanga zangu. Ila mkuu kabla hatujaenda mbali, huyo George si ndo yule wa joka? Ni Mwingereza kweli?

#3 – Kibarua_wa_Leicester

Hata kidogo mkuu, na hapo ndo utamu ulipo. Kwa mapokeo ni askari wa Kirumi, ukoo wake unatajwa kuwa wa Kapadokia, Uturuki ya leo, na mama yake mtu wa Lida huko Palestina. Akauawa mwaka 303 hivi enzi za Kaisari Diocletian kwa kugoma kuikana imani yake. England hakukanyaga hata mguu mmoja. Na hadithi ya joka imekuja kuvuma miaka mia tisa na ushee baadae, tena kwenye masimulizi yale joka lenyewe lilikuwa Libya.

Aliyempandisha chati England ni mfalme Edward III, alipoanzisha mwaka 1348 ule umoja wake wa mashujaa wanaovaa utepe mguuni akamweka George kuwa mlinzi wao. Ilikuwa brandi ya vita tangu mwanzo, tukubaliane. Baada ya kuwapiga Wafaransa pale Agincourt mwaka 1415 ndo ikawa sikukuu kubwa kabisa, watu wanapumzika na kula. Halafu yakaja mageuzi ya kanisa, watakatifu wakapunguzwa, ikaja 1707 England ikaungana na Scotland, na ukishakuwa baba mwenye nyumba hupigi kelele kuhusu jina lako wewe, unapiga kelele kuhusu nyumba. Wakajiita Waingereza wa ufalme, wakaimba ya himaya. George akasinzia.

#4 – bint_wa_mji_wa_kale

Salaam aleykum wanabaraza. Mimi niko Mombasa, nichangie kidogo tu. Huyo George kaburi lake liko Lida kwa mujibu wa Wakristo wa kule, na karibu na Bethlehemu kuna kijiji kinaitwa Al-Khader, kwa jina la Khidhri, na wenyeji Waislamu kwa Wakristo wanamzuru hapohapo, huyu anamwita Khidhri yule anamwita George. Kwa hivyo hao wanaoandamana London na bendera yake wakisema Waarabu warudi kwao, wamwambie na yeye arudi kwanza.

Na Waethiopia nao wanamhesabu wa kwao, kuna lile kanisa lake la Lalibela limechongwa ndani ya mwamba kwa umbo la msalaba. Halafu wana bia ya jina lake tangu 1922, tena yenye picha yake na joka. Biashara haikuanzia Leicester.

#5 – Mdau_Brum

Mleta uzi unaandika vizuri ila unaiona hii ishu ukiwa umesimama upande wa shelfu, ngoja nikwambie upande wa barabara.

Naishi Birmingham. Agosti mwaka jana, 2025, tuliamka bendera ziko kwenye nguzo za taa, zilianzia mitaa ya Weoley Castle na Northfield huko, kampeni wakaiita Operation Raise the Colours, yaani pandisheni bendera, na baada ya wiki chache ilikuwa miji chungu nzima England. Wengine wakawa wanapaka misalaba miekundu kwenye vile vizunguko vidogo vya barabarani vyeupe. Halmashauri ikasema inazitoa kwa usalama wa nguzo, basi ikawa vita, wanasiasa wote wakakimbilia kamera kusema wanaipenda bendera. Tarehe 13 Septemba yakaja maandamano ya Tommy Robinson, yule mwanaharakati wa mrengo mkali wa kulia, London, polisi wenyewe walikadiria watu kati ya laki moja na elfu kumi na laki moja na nusu. Hiyo ni misalaba myekundu mingi sana kuipita ukiwa umetoka kazini na begi lako.

Sasa nieleze. Mke wangu ni nesi, anavaa hijabu, alikuwa anapita chini ya zile bendera saa kumi na moja alfajiri kwenda kituo cha basi. Hakuna aliyemgusa, sitasema uongo. Lakini alianza kuzunguka mtaa wa nyuma. Watu watakwambia ni uzalendo tu, mbona Wabongo mnatundika bendera yenu. Sawa, ila bendera ya jirani dirishani kwake naijua ni ya jirani, na bendera iliyopandishwa na ngazi usiku kwenye nguzo mbele ya mlango wangu, na mtu nisiyemjua, hiyo inaniambia mimi kitu. Hapo unaniambia biashara ndo imeokoa siku? Hizo bendera wamezinunua wapi kama sio kwenu?

#6 – mtoto_wa_kariakoo

Hapo umemgonga utosini. Tunasubiri majibu.

#7 – Kibarua_wa_Leicester

Mdau_Brum pole sana kwa shemeji. Sibishi hata neno kwenye hilo, hata hapa Leicester zilifika.

Ila sikiliza hoja yangu. Angalia picha za fainali ya 1966 Wembley, mashabiki wa England wanapeperusha bendera ya ufalme mzima, ile ya buluu. Hata simba yule wa kombe la dunia, World Cup Willie, alivalishwa ya ufalme. Msalaba wa George ulikuwa wa minara ya makanisa. Miaka ya 70 wabaguzi wa National Front nao walitembea na bendera ya ufalme, kwa hiyo uchafu ulikuwa kule. Msalaba mwekundu umeingia mtaani kwa kishindo na Euro 96, na kilichoufikisha mtaani ni duka na gazeti na baa. Bendera ikawa rahisi kiasi kwamba kila mtu anaweza kuwa nayo, na mtu mweusi wa Peckham akaichora usoni akaenda kushangilia. Hapakuwa na semina ya umoja wa kitaifa hapo, kulikuwa na mtu anataka kuuza rangi ya usoni.

Nikupe mfano wa hapahapa. Barabara ya Belgrave kuna mzee wa Kihindi ana duka, alifukuzwa Kampala mwaka 1972 na Amin, na mwaka huohuo halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi msije huku kumejaa. Akaja. Anaongea Kiswahili kunishinda mimi. Kila mashindano yakikaribia anatundika msalaba wa George kwenye kioo cha duka, anauza bendera, anauza filimbi, na timu ikitolewa ananuna kweli. Agosti ile nilimuuliza, mzee bendera zinatembea eeh. Akanijibu, "Wakinunua kwa mpira nawapunguzia bei. Wakinunua dazeni tatu na kamba za plastiki za kufungia, nawauzia halafu nafunga mapema."

Kwa hiyo ndio Mdau, wamenunua kwetu. Kitambaa kilekile. Ninachosema ni kwamba bila soko, msalaba ule ungebaki wa wale wa dazeni tatu peke yao.

#8 – Mdau_Brum

Mzee kakwambia jibu lenyewe na hujaliona. Anauza halafu anafunga mapema. Soko halimuulizi mtu anaenda kufanyia nini. Na 2021 baada ya England kukosa penati kwenye fainali ya Euro, Rashford, Sancho na Saka walivyotukanwa, zile nyuso zilizochorwa msalaba ndo zilikuwa wapi?

#9 – Kibarua_wa_Leicester

Nyingine zilikuwa zinatukana, nyingine zilienda Withington kule Manchester kubandika barua na maua kwenye picha ya Rashford ya ukutani iliyochafuliwa, mpaka ukuta ukajaa. Zote zilinunua rangi ileile.

#10 – Odieng_wa_Nyeri

Wasee wangu, mmesahau skauti! Niko Nyeri, na huyu Baden-Powell aliyeanzisha skauti amezikwa hapa kwetu, alifariki 1941, wageni huja kila mara. Yeye ndiye aliyemfanya George kuwa mlinzi wa maskauti, na huko Uingereza maskauti huandamana kila Aprili karibu na siku yake na kurudia ahadi yao. Hiyo haina bia, haina kofia ya plastiki, ni watoto na matope kwa viatu. Kwa hivyo si ukweli kwamba hakuna kitu ndani ya hiyo siku.

Halafu guka wangu alikuwa akitusimulia Empire Day, tarehe 24 Mei, siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria. Watoto wa shule Kenya walikuwa wanapangwa mstari kuimbia bendera. Kwa hivyo hawa watu walijua sana kusherehekea siku ya taifa, tena walitulazimisha na sisi. Mwaka 1958 wakabadilisha jina ikawa ya Jumuiya ya Madola, ikafifia hivyo tu. Walijenga sherehe ya himaya, himaya ikaenda, wakageuka kutafuta yao ya nyumbani wakapata kabati tupu.

#11 – Kibarua_wa_Leicester

Odieng umeniongezea kitu, hiyo ya Empire Day naichukua. Na skauti nakubali, niliwaona Jumapili moja wanapita na bendera zao mjini, wazazi pembeni na simu. Tatizo ni kwamba ukishatoka kwa skauti na wazee wa kucheza ngoma ya njuga na leso, umemaliza orodha.

#12 – sauti_ya_ubungo

Mbona Waayalandi wameweza? Patrick dunia nzima wanavaa kijani. Nyie mnazungukazunguka tu, ukweli ni Waingereza hawana utamaduni.

#13 – Kibarua_wa_Leicester

Mkuu Waayalandi nao ni hadithi ya biashara hiyohiyo! Kwa miongo kadhaa karne iliyopita baa za Ireland zilikuwa zinafungwa kwa sheria siku ya Patrick, watu wanaenda misa. Shamrashamra ilikuzwa na wahamiaji wao New York na Boston, watu waliokuwa wanadharauliwa wakaamua kujionyesha barabarani, halafu kampuni za bia zikapanda juu ya gari lililokuwa tayari linatembea. Huko England bia zilijaribu kulisukuma gari ambalo halina injini. Kuna bia inaitwa Bombardier ilijinadi miaka na miaka kama kinywaji cha England, ikajishikiza kwa George kwelikweli. Watu walikunywa. Tarehe 24 wakasahau.

Ila nitoe mfano unaoniuma zaidi. Barcelona leo, tarehe hiihii, mtakatifu huyuhuyu. Wanamwita Sant Jordi. Barabara zimejaa meza za vitabu na maua ya waridi, watu wanapeana, waandishi wanasaini. Na unajua desturi ya vitabu imeanzishwa na nani? Wachapishaji na wauza vitabu wa miaka ya 1920 waliotaka kuuza, na 1930 wakaihamishia tarehe 23 Aprili. Biashara tupu! Ikawa nzuri mpaka UNESCO mwaka 1995 wakaifanya hii tarehe kuwa siku ya vitabu duniani. Tofauti ni kwamba kile wanachouza lazima umpe mtu mwingine. Kofia ya plastiki unaivaa peke yako. Na hawa Waingereza ndo wana Shakespeare aliyekufa tarehe 23 Aprili 1616, hata kuzaliwa kwake kunahesabiwa tarehe hiyohiyo! Wamepewa pasi ya mwisho golini hamna kipa, wakauza upanga wa plastiki.

#14 – bint_wa_mji_wa_kale

Hiyo ya Barcelona nimeipenda. Kumbe ungeanza nayo.

#15 – Mdau_Brum

Hapo tunakaribiana. Sasa na ile jezi ya Nike ya 2024? Machi ile, walipoweka msalaba wa rangi ya zambarau na buluu nyuma ya kola, kidogo tu kama stempu ya posta. Sunak akiwa waziri mkuu akasema bendera zetu zisichezewe, Starmer, wakati huo kiongozi wa upinzani, naye akataka ibadilishwe, nchi nzima ikasimama kwa kitu ambacho mvaaji mwenyewe hakioni. Na jezi ile ya daraja la juu ilikuwa inauzwa paundi 124.99. Hakuna mwanasiasa aliyepiga kelele kwa nguvu ileile kuhusu bei. Mtoto wangu aliitaka, nikamwambia asubiri. Bado anasubiri.

#16 – Kibarua_wa_Leicester

Hahaha mwambie dogo sisi bado tuna zile za sahani za karatasi.

Ila umegusa penyewe. Wanasiasa wa huku wanaiogopa bendera pande zote mbili. Emily Thornberry, mbunge wa Labour, mwaka 2014 alitwiti picha ya nyumba moja Rochester yenye bendera tatu za England na gari jeupe la mafundi nje, hakuandika hata tusi, jioni hiyohiyo kajiuzulu nafasi yake kwenye chama kwa sababu ilionekana anawadharau walalahoi. Ndo maana kila mmoja anajipiga picha na bendera na hakuna anayefanya kitu. Corbyn, kiongozi wa Labour wakati huo, mwaka 2017 aliahidi siku za watakatifu wote wanne ziwe likizo, akashindwa uchaguzi, ikaishia hapo. Scotland wana sheria tangu 2007 ya siku yao, japo mwajiri halazimiki kukupa. England ina likizo nane tu kwa mwaka na hii haimo.

Na kanisa lenyewe, cheki hii, kwa utaratibu wao tarehe 23 ikiangukia wiki takatifu au wiki ya Pasaka, wanamsogeza George mbele. Mwaka jana 2025 Pasaka ilikuwa tarehe 20, kwa hiyo kikanisa sikukuu ilikuwa tarehe 28. Sisi dukani tarehe 24 tulikuwa tumeshabandika stika za njano. Yaani kikalenda ya kanisa tulikuwa tunauza mabaki ya sherehe ambayo haijafika.

#17 – sauti_ya_ubungo

Sasa hao Waingereza wenyewe wanajionaje? Maana tunaongea kwa niaba yao.

#18 – Kibarua_wa_Leicester

Sensa ya 2011, England na Wales, asilimia 57.7 walijitaja kuwa wa England tu. Sensa ya 2021 wakashuka mpaka 14.9, na waliojitaja kuwa wa ufalme tu wakapanda kutoka 19.1 mpaka 54.8. Ukisikia hivyo unadhani kumetokea mapinduzi. Wataalamu wa takwimu wenyewe wakasema huenda sababu ni fomu, safari hii kisanduku cha ufalme kilikuwa cha kwanza kwenye orodha ya England. Mamilioni wamebadili taifa kwa kutiki cha juu. Halafu mtu anapanda ngazi usiku anafunga bendera akisema utambulisho wake unaibiwa.

#19 – Mwana_Sabasaba

Nyie mnawacheka, na sisi je? Tarehe 7 Julai TANU ilizaliwa 1954. Leo muulize kijana wa Temeke Sabasaba ni nini, atakwambia maonesho ya biashara, pale tunaponunua sufuria na kula aiskrimu. Serikali yenyewe imeigeuza soko, tena kwa jina rasmi. Na hakuna anayelia.

#20 – Odieng_wa_Nyeri

Huku kwetu Saba Saba ni maandamano ya 1990, mabomu ya machozi. Hakuna sufuria.

#21 – Mdau_Brum

Mwana_Sabasaba hakuna anayelia kwa sababu hakuna anayemfukuza mtu Sabasaba. Mhindi anaenda, Mmasai anaenda, Mzungu anaenda. Geti ni la kulipia tu. Ndo tofauti ambayo mleta uzi anataka kuisema na hajaisema vizuri.

#22 – Kibarua_wa_Leicester

Umeisema wewe, sina nyongeza kwenye hilo.

#23 – mtoto_wa_kariakoo

Swali la mwisho. Nina ndugu yangu yuko London, kama anataka kuiona hiyo sherehe bila fujo aende wapi?

#24 – Kibarua_wa_Leicester

Huwa kuna ya meya pale Trafalgar Square, siku yenyewe au wikendi ya karibu, aangalie tarehe kwanza. Ni vyakula, muziki, watoto wanatengenezewa majoka, bure. Nimeenda mara moja, foleni ya chakula ndefu ila watu wa kila rangi. Akwepe Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali, kama ana watoto, 2024 siku kama ya leo mikutano ya hao wa mrengo mkali wa kulia iliishia kusukumana na polisi na watu kukamatwa.

#25 – Mdau_Brum

Na Juni? England wamepangwa na Ghana. Unavaa nini kazini?

#26 – Kibarua_wa_Leicester

Sare ya kazi mkuu. Ila bendera za Ghana nimeshamwambia bosi aagize, kasema atafikiria. Mzee wa Belgrave anazo tayari mzigo mzima.